Mbuzi Watatu na Beringi ya Kushoto

Kila ninayekutana naye hapa Mutomo siku hizi ananishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu, ni kweli wakwe zako walikurudisha barabarani na mbuzi wako?" Nimesimulia kwenye duka la unga, nimesimulia nje ya kanisa, nimesimulia nikisukuma mkokoteni wa maji, na kila nikisimulia mke wangu Katunge yuko karibu ananisahihisha. Nimechoka. Sasa nimeketi niandike mara moja, na mwenye swali la ziada amuulize yeye.

Kwa wale ambao si Wakamba, nieleze kidogo. Kwetu mwanamume hajaoa mpaka awapelekee wazazi wa mke mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Hao ndio ntheo. Unaweza kuishi na mwanamke, mkazaa, mkajenga nyumba ya mawe, lakini bila ntheo wazee wa kwao wanamhesabu bado ni binti yao, ametoka tu kutembea. Mimi nimeishi na Katunge miaka ishirini na saba bila kupeleka hata mkia wa mbuzi. Mwaka wa kwanza kulikuwa na ukame. Wa pili nikanunua pikapu, na tangu hapo kila mwaka sababu ilikuwa pikapu.

Kisha binti yetu Mwende akapata mchumba. Watu wa mchumba wakapanga kuja kwetu Jumamosi fulani na mbuzi wao, na hapo ndipo nilipobanwa. Kama sijatoa ntheo ya mama, siwezi kupokea ya binti. Mbuzi wa Mwende wangepitishwa moja kwa moja hadi kwa babu yake huko Kasikeu, nami ningeketi kwenye sherehe ya mtoto wangu kama jirani aliyealikwa wali. Mwende alinipigia simu, akasema, "Baba, mimi nataka wakukute wewe." Siwafichi, sikulala vizuri wiki hiyo.

Basi nikatuma neno kwa mkwe wangu, Mzee Kilonzo: Jumamosi moja kabla ya wageni wa Mwende, saa sita mchana, nitakuwa kwako. Akajibu kwamba wazee wataketi kungoja, lakini mifugo ya boma lake ikirudi kutoka malishoni kila mtu ataenda kwake, na hatawaita tena.

Mutomo hadi Ikutha

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Beberu mweusi na majike wawili, mmoja mweupe, mmoja wa madoadoa, tuliwafunga nyuma juu ya magunia. Mimi nilivaa koti langu la kustaafia. Katunge alikuwa na mkoba wa nguo, sukari, na leso mpya ya mama yake.

Sasa niwaambie kuhusu gari, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Pikapu yangu ni kongwe kuliko Mwende. Kwa miezi mitatu ilikuwa ikifika kasi ya hamsini inaanza kuvuma huko mbele, mmmm, kama mtu anayetafuta wimbo aliousahau. Nilijua ni beringi ya gurudumu, ile ringi ya chuma yenye gololi ndefu ndani inayolifanya gurudumu lizunguke bila kusagika. Swali lilikuwa moja, ni ya upande gani?

"Inalia upande wangu," Katunge alisema tangu siku ya kwanza. Yeye huketi kushoto.

"Unaisikia huko kwa sababu unakaa huko," nilimjibu. "Sauti inatoka kulia, inapita chini ya sakafu, inakuja kwako."

Mimi nilifundisha sayansi miaka thelathini, jamani. Nilikuwa nimepima. Wiki moja kabla ya safari, fundi wetu hapa Mutomo alitaka kuinua magurudumu yote mawili ya mbele ayasikilize, nikamkataza. Nikamwambia badilisha ya kulia, kazi ya kupima imeshafanywa. Akabadilisha, akaniwekea ile ya zamani mkononi na kusema kwa upole, "Mwalimu, hii bado ilikuwa sawa." Nikaitupa kwenye droo ya meza. Gari likaendelea kuvuma, nami nikatangaza kwamba kumbe ni tairi.

Ikutha tulisimama kunywa chai. Mama mwenye kibanda alitoka na birika mkononi, akampapasa beberu mgongoni, akauliza kama anauzwa. Nikasema la, ni wa ntheo.

"Ya kijana yenu?"

"Yangu."

Akaangalia koti langu, akaangalia mvi zangu, akamgeukia Katunge. "Ya huyu?"

"Ya huyu," Katunge akasema, akipuliza chai yake.

Yule mama aliweka birika chini, akaketi kwenye benchi, akacheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akawaita wateja wake wote waje waone bwana harusi. Watu wakawazunguka mbuzi wangu, wakawafungua midomo wahesabu meno, wakakunjua masikio kutafuta kilema, kwa maana mbuzi wa ntheo hatakiwi kuwa na kasoro. Mwanamume mmoja alidai jike wa madoadoa ana kwato iliyopinda. Wakabishana naye karibu saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyenifahamu. Mwishowe walipitisha kwamba kwato ni nzuri, tukaongezewa mandazi ya njiani, tukaruhusiwa kwenda.

Ikutha hadi Kibwezi

Barabara hii ni nzuri siku hizi na asubuhi haina magari mengi, kwa hivyo nikaona ni mahali pazuri pa kufanya utafiti. Nikazima redio. Nikakata usukani kulia, mlio ukapanda. Nikakata kushoto, ukapungua. Kulia, ukapanda tena. Nilirudia mara nane hivi, nikienda upande huu na ule kama mlevi.

"Umesikia?" nikamuuliza Katunge. "Nikienda kulia ndiyo inalia. Kwa hivyo kama si tairi, basi ni ile beringi mpya, fundi ameifunga vibaya."

"Nimesikia," akasema. "Na beberu amelala chali."

Kweli, utafiti wangu ulikuwa umewaangusha mbuzi wote watatu. Tulisimama ng'ambo ya daraja la Mto Athi kuwasimamisha na kuwafunga upya. Maji yalikuwa ya kahawia na yalienda polepole. Nilitaka sana kushuka nikaone yametoa wapi mchanga mwingi vile, maana huko juu wanauchota kwa malori na bado haujaisha. Katunge akanikumbusha kwamba kuna wazee wanatungoja, na kwamba nimekuwa nikitaka kuona kila kitu tangu anijue isipokuwa baba yake. Nikarudi garini.

Kibwezi hadi Emali

Kibwezi tuliingia barabara ya Mombasa, na mambo ya utafiti yakaisha. Huko malori marefu yanakupita huku yakikusukuma na upepo, na mwenye pikapu ya kuvuma anakaa pembeni na adabu zake. Mlio ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mzito sasa, na nilianza kuusikia miguuni.

Emali tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na yalikuwa yamepikwa na mtu anayejua kazi yake. Nilipotoka nikawa na wazo. Nikagusa katikati ya gurudumu la kulia kwa kiganja, likawa vuguvugu. Nikazunguka, nikagusa la kushoto.

"Uuwi!"

"Imekuwaje?" Katunge akauliza kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu." Nililimwagia maji ya chupa, yakachemka na kutoa moshi. "Ni breki tu imeshika."

Katunge alikitazama kiganja changu. Aliingia garini, akafunga mlango, akaweka miguu yake juu ya mkoba ili isiguse sakafu. Hapo moyo wangu ulijua. Mdomo ndio uliokataa.

Sultan Hamud

Hatukufika Sultan Hamud kwa heshima. Karibu na mji mlio ukageuka kuwa kusaga, krrr krrr, usukani ukaanza kunitetemesha mpaka mabegani, na gurudumu la kushoto likawa linayumba hivi kwamba mwendesha boda alinipita akinionyesha kwa kidole na kupiga kelele. Tuliingia mjini tukitambaa, saa tano na nusu. Tulielekezwa nyuma ya maduka, upande wa reli, kwa Fundi Kamau, nami nikajitambulisha, Mwalimu Nzioka wa Mutomo.

Babu yake Kamau alitoka Murang'a akaja kufanya biashara hapa, na Kamau mwenyewe anaongea Kikamba kuliko mimi. Ni mtu wa maneno machache. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapiga jeki upande wa kushoto, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Kisha akalizungusha kwa mkono mmoja, na ule mwingine akauweka juu ya springi, akafumba macho.

"Unasikiliza kwa mkono?" nikamuuliza.

"Sikio linadanganya," akasema. "Chuma yote inapiga kelele pamoja. Mkono unajua ni gani." Akauchukua mkono wangu, akauweka pale kwenye springi. Ni kweli, nilihisi mchanga ukitembea ndani ya chuma.

"Lakini ilikuwa inalia nikikata kulia," nikasema.

Akafungua macho. "Mwalimu, ukikata kulia, uzito wa gari inaenda wapi?"

Jamani. Miaka thelathini nimewazungushia watoto ndoo ya maji darasani na kuwauliza swali hilohilo. Uzito unaenda kushoto. Kila nilipokata kulia nilikuwa naikandamiza ya kushoto, nayo ilikuwa ikilia kwa maumivu, na mimi nikiilaumu ya kulia. Niliogopa hata kumwangalia Katunge. Naye, Mungu ambariki, alikuwa akiwalisha mbuzi majani na kujifanya haoni.

Kamau alifungua gurudumu, akatoa breki na kuining'iniza kwa waya ili isivute bomba lake, akang'oa kifuniko cha grisi, pini, nati. Grisi ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi. Alipovuta habu, kitovu cha gurudumu, nusu ya beringi ya ndani ilibaki imegandamana na shafti inayopita katikati. Ilikuwa imepata moto mpaka ikashika kama imechomelewa. Mke wake ana duka la spea pale mbele. Alifuta kipande kilichotoka kwa ncha ya leso, akasoma namba, akaleta mpya.

"Ukiwa na ya zamani nzuri mahali, usitupe," akaniambia. "Kwa gari kama hizi, beringi zote mbili za mbele ni sawa."

Niliikumbuka droo yangu Mutomo. Sikumwambia.

Kamau akachukua grainda, mashine ya kukatia chuma, akate ile iliyoganda. Alikata kidogo, cheche zikaruka, halafu grainda ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea mji mzima. Tulingoja. Saa sita ikafika, ikapita. Kamau alisema anaweza kukata kwa msumeno wa mkono, lakini ni kazi ya pole, maana akikwaruza shafti gari halitembei tena.

Hapo ndipo Hassan alipoingia kwenye habari hii. Hassan ni mfanyabiashara wa mifugo, watu wake ni wa kaskazini mashariki, na amekaa Makueni miaka mingi. Alikuwa amekuja kuziba pancha ya kanta yake, lori dogo la mifugo, na alikuwa anapanda Kasikeu kuchukua mbuzi alionunua. Nikaona Mungu amenifungulia njia.

"Katunge," nikasema, "wewe nenda na Hassan, mtangulie na mbuzi. Wafike kwa wakati. Mimi nitakuja nyuma."

Katunge alinyooka. "Baba Mwende, mimi niingie kwetu na mbuzi peke yangu?"

"Wana miguu yao. Shida iko wapi?"

"Hata wewe huoni?"

"Mambo ya nani ameshika kamba ni ya wakati wa mababu. Wazee wanataka mbuzi. Mbuzi hao."

Hassan alikohoa. "Mwalimu, samahani. Kwetu mwanamke hajipelekei mahari yake mwenyewe. Kwenu iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Katunge alitazama juu mbinguni, akafunga leso kiunoni, akapanda mbele. Hata simu yangu alienda nayo kwenye mkoba, kwa sababu mikono yangu ilikuwa grisi tupu. Niliwapungia. Nilijisikia mtu mwenye mipango.

Tulikata kwa msumeno, Kamau na mimi kwa zamu. Kama mnataka kujua saa ina urefu gani, kateni beringi kwa msumeno wa mkono. Nilikuwa nimepiga magoti pale, jasho linaniingia machoni, niliposikia bodaboda inazimwa na viatu vizito vinakuja.

"Nzioka ni nani hapa?"

Kamau akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa Musau, kaka mkubwa wa Katunge. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi ya bibi yao, na hata wakati huo alinisalimia kwa mkono wa kushoto.

"Dada yangu amekukosea nini?" akasema.

"Hajanikosea kitu."

"Na kwa nini umemrudisha?"

"Nani amemrudisha? Nimemtanguliza!"

"Mwanamke ameshushwa na gari ya mbuzi mbele ya watu wote, na mkoba wake, na mbuzi tatu, na bwana hayuko. Hapo kuna kutangulizwa? Majirani wamejaa kwetu kutoa pole. Mama ameshamtandikia kitanda. Anamwambia, nyamaza mwanangu, miaka ishirini na saba si mchezo, umejaribu."

Msumeno ulinianguka. Niliona jambo lote kwa mara moja, jinsi Katunge alivyoliona tangu mwanzo.

"Lakini si amewaeleza?"

"Amesema uko chini ya gari. Baba akasema, huyo amekuwa chini ya gari tangu mwaka wa pili."

Ilikuwa kweli. Nilimwonyesha Musau habu iliyofunguliwa, grisi iliyoungua, chuma kilichoganda. Aliinama, akaweka kidole. Nafikiri alikuwa amekuja kunipiga, na sasa hakujua afanye nini na ile hasira.

"Wazee bado wako?" nikauliza.

"Wawili wameshashika fimbo zao."

"Musau, nisaidie. Wakiondoka leo, Jumamosi ijayo mimi si baba wa mtu."

Akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pikapu, akaokota msumeno. Sikuwahi kumpenda mtu ghafla hivyo. Alikata kwa nguvu mpaka Kamau akamwambia, "Polepole, muthoni, hiyo chini ndiyo tunaitaka," na sisi wawili tukacheka, maana kwa neno hilo Kamau alikuwa ametuita wakwe kabla ya wazee kukubali. Ilipobaki ngozi nyembamba, Kamau akaweka patasi, akagonga mara moja. Tak. Ikapasuka ikatoka, na shafti ilikuwa safi.

Baada ya hapo mkono wa Kamau ulikwenda haraka. Alisafisha kila kitu kwa mafuta taa. Lile bakuli jipya, chuma cha duara ambacho beringi hukalia, alilipigilia ndani ya habu akitumia la zamani kama kigongeo, ili nyundo isiliguse jipya. Nilimuuliza nani alimfundisha, akasema ni kuharibu mbili za kwanza. Aliweka grisi kiganjani na kuikandia beringi ndani yake mpaka grisi ikatokea upande wa pili. Akakaza nati huku akizungusha gurudumu, kisha akailegeza, kisha akaikaza tena kwa vidole tu.

"Mbona unalegeza?" nikauliza.

"Ukibana sana inakufa. Ukiacha sana inakufa. Inataka nafasi kidogo tu."

Saa tisa na nusu nililitembeza gari hadi barabarani na kurudi. Halikutoa sauti yoyote. Niliweka beringi iliyokufa kwenye mfuko wa koti, Musau akapanda kushoto, mwendesha boda aliyemleta akatufuata nyuma.

Sultan Hamud hadi Kasikeu

Tulipokuwa tunapanda tulikutana na mbuzi wa watu wakirudi kutoka malishoni, na Musau akawa anawatambua: hawa ni wa fulani, bado wa kwetu. Kila kundi tulilopita lilinifanya nikanyage mafuta. Mbuzi wa Mzee Kilonzo tuliwakuta mita chache kutoka langoni. Musau aliruka chini gari likitembea, akasimama mbele yao na mikono miwili juu, akawazuia barabarani.

Wazee wanne walikuwa bado wameketi uani. Majirani walikuwa wengi kuliko wazee. Mbuzi wangu watatu walikuwa wamefungwa kwenye mti wa uzio, na Katunge alikuwa ameketi mlangoni pa jiko pamoja na mama yake. Mama mkwe aliponiona aligeuka akaingia ndani, kama heshima yetu inavyotaka. Katunge hakugeuka.

Nilisalimu. Nilitoa beringi mfukoni, nikampa Mzee Kilonzo kwa mikono miwili. Sikuwa na ushahidi mwingine. Aliitia kidole, akaisogeza karibu na sikio, akaizungusha. Kwa ule ukimya wa uwanja, hata mimi niliisikia ikisaga. Akampa mzee wa pili, naye akasikiliza, ikapita mpaka kwa wa mwisho.

"Kumbe ulikuwa chini ya gari kweli," mzee akasema, na uwanja ukaangua kicheko. Alingoja kiishe. "Lakini mbuzi bado hazijafika."

"Baba, si ndio hao?"

"Hizo zimeletwa na mtoto wetu. Mtoto akileta mbuzi kwao, asante, ameleta mbuzi. Nenda nazo barabarani."

Basi ni kweli, mnaouliza. Nilifungua mbuzi wangu mbele ya watu wote, nikawavuta nje ya lango. Beberu alikataa, nikambeba. Nilisimama barabarani peke yangu, shati lote grisi, na aibu ikanijaa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na ndiyo mara ya kwanza nilisimama mahali hapo na mbuzi. Nilipaswa kusimama hapo nikiwa kijana, Katunge naye akichungulia dirishani. Nilimnyima hilo. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono safi wa kuyafuta.

Nikawaongoza ndani. Musau alinizuia langoni, uso mkavu kabisa.

"Wewe ni nani, na unatafuta nini?"

"Naitwa Nzioka. Natoka Mutomo." Nikawavuta mbuzi karibu. "Nimekuja kumwomba Katunge."

Mzee Kilonzo alimwita binti yake. Katunge akaja polepole, akasimama kando ya kiti cha baba yake.

"Unamjua huyu?"

"Namjua."

"Mbuzi zake tule?"

Aliwatazama mbuzi. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka jirani akaanza kunong'ona.

"Kabla hamjala," Katunge akasema, "aseme ile beringi ilikuwa ya upande gani."

Wazee walitazamana, hawakuelewa. Musau, niliyemsimulia njiani, alielewa, akaangalia chini akiuma mdomo.

"Kushoto," nikasema.

"Baba hasikii vizuri."

"Kushoto! Ilikuwa kushoto tangu siku ya kwanza. Ulisema, na mimi sikukusikiliza. Na hata leo ulisema tena, kuhusu mbuzi, na sikukusikiliza."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua pembe ya leso akajifuta macho, akamwambia baba yake kwa sauti ndogo, "Kuleni."

Kurudi

Beberu alichinjwa kabla jua halijazama, na ndani ya jiko mama mkwe alipiga vigelegele ambavyo inaonekana alikuwa amevihifadhi miaka yote hiyo. Mambo ya Jumamosi iliyofuata mliyaona wenyewe, mlikuwa kwangu. Mliona mbuzi wa Mwende wakishushwa, na mliona nani alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba.

Lakini hamkuwa garini Jumapili ile tulipotoka Kasikeu. Tulishuka hadi Sultan Hamud, tukampungia Kamau, tukapita Emali, na gari halikuvuma hata kidogo. Nilisikia upepo. Nilisikia mkoba wa Katunge ukisugua mlango. Baada ya Kibwezi barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu, nikaona nijaribu ile beringi, nikakanyaga sitini, nikakanyaga themanini.

Katunge alikuwa ameegemea dirisha, miguu yake chini sakafuni.

"Baba Mwende, punguza mwendo," akasema bila kufungua macho. "Leo umebeba mke wa mtu."

Nikapunguza.